Barua Niliyomsomea Baba Nusu

Mnisamehe mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, mkono wangu ni mzito, na ukurasa mmoja hunimalizia siku nzima. Mahali pengine mtakuta nimekosea herufi, kwa kuwa Kiswahili chetu cha huku ziwani ni cha Kongo, kimechanganyika na Kibemba, na kile cha vitabuni nilikiokota katika vitabu vya kanisa na katika magazeti makuukuu yaliyokuja yamefungia sabuni. Nimeandika hata hivyo, kwa sababu kuna mtu anayeitwa Katekista Yosefu ambaye nyumbani kwetu tulimwita mwongo kwa miaka minane. Mwongo nilikuwa mimi, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Mwaka ule ninaukumbuka kwa harufu. Ni harufu ya chisense, wale samaki wadogo kama sindano, wanapoanikwa juu ya mchanga wa Kashikishi jua likiwa limepanda. Asubuhi hunuka maji tu. Kufikia adhuhuri huwa ni harufu nzito, tamu kidogo, inayoingia kwenye nywele na kwenye madaftari na haitoki hata ufue mara ngapi. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko, ukishuka kutoka Nchelenge, chumba kimoja na kibanda cha mabati, na mama alikuwa na kipande chake cha mchanga ufukweni alichokifagia kila alfajiri kama wengine wanavyofagia sebule. Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo nikiwa na miaka minane, wakati wa vurugu, mimi na mama na mdogo wangu. Baba alituvusha, kisha akarudi Kilwa, Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya pwani ya Tanzania, kwa sababu cherehani yake ilikuwa kule na wateja wake walikuwa kule. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani ile ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, imefutika maandishi yake ya dhahabu kwa kushikwa, na ndiyo iliyotulisha sote. Mpango wa nyumbani ulikuwa mmoja: baba amalize kushona majoho ya kwaya ya kanisa, avuke na cherehani, akae nasi, ashonee kwenye kibaraza cha soko la Kashikishi, na mimi nikimaliza darasa la saba niende sekondari.

Simu zilikuwepo miaka hiyo. Lakini ya baba ilikuwa imeingia maji, na mama hakupenda kusema mambo ya nyumbani kwenye simu ya kuazima, mwenye simu akiwa amesimama pembeni anasikiliza. Kwa hiyo tuliandikiana. Boti za wafanyabiashara zilivuka mara kwa mara, zikienda na unga na kurudi na samaki, na barua alipewa abiria yeyote mwenye uso wa kuaminika. Mama hakuwahi kukaa darasani. Alisema, nami niliandika, nimepiga magoti, kaye yangu, lile daftari la shule, ikiwa juu ya beseni lililogeuzwa. Sharti lake lilikuwa moja tu, na alilirudia kila mara kabla sijashika biki, kalamu yangu: karatasi ijae. Ianze kwenye ukingo wa juu kabisa, maneno yafuatane bila kupumua kutoka pembe hadi pembe, na pakibaki nafasi chini niifunge kwa mistari ya mawimbi hadi mwisho wa karatasi. Kisa chake kilijulikana kwa ndugu zetu wote. Zamani shangazi yake mama aliandikiwa barua fupi, nusu ukurasa, na aliyeibeba akaongeza chini yake kwamba mbebaji apewe mbuzi. Shangazi akampa, tena akamchagulia beberu mnene, akamfungia na kamba nzuri. Kila mtu alicheka kisa hicho kikisimuliwa, isipokuwa mama.

"Usiache fasi," aliniambia. "Fasi njo mulango. Mutu akiona mulango wazi, ataingia."

Kule ng'ambo baba naye hakujua kusoma, na aliyemsomea alikuwa jirani yake, Katekista Yosefu. Nilimwona likizo moja nilipovuka kwenda kumsalimu baba. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu upande mmoja, na watu wa mtaa mzima walimletea barua zao. Kabla ya kusoma alifanya jambo moja ambalo nililiona kama sehemu ya misa. Alimwonyesha mwenye barua karatasi, akapitisha kiganja chake juu yake kutoka juu hadi chini. Baba aliuliza, "Imejaa?" Naye alijibu, "Imejaa mupaka chini, ndugu yangu." Hapo ndipo aliposoma, polepole, bila kuongeza sauti ya furaha kwenye habari njema wala ya huzuni kwenye mbaya, kwa sababu, alisema, furaha na huzuni ni za mwenye barua. Baba alimpenda mtu huyo kuliko ndugu zake wa damu. Walikula sahani moja. Baba alimshonea kanzu ya kuhubiria bila kumtaka kitu.

Sasa niseme habari ya shule, maana huko ndiko yalikoanzia yote. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa Bwana Mulenga, mtu wa kwao Mununga, mrefu, mwenye kikohozi cha chaki. Mwaka ule alituletea habari kwamba masista wenye shule ya bweni ya wasichana, mbali na ziwa, wangechukua msichana mmoja kutoka shule za ufukweni. Wangemchagua kwa insha tu. Kila msichana angeandika insha moja ya hoja, mbele ya msimamizi, na iliyo bora ingempa mwandishi wake kitanda na dawati. Bwana Mulenga akaacha karibu masomo mengine yote akatufundisha insha. Alisema insha haifanani na masimulizi ya jikoni, ambayo mtu huyaanza popote na kuyaacha chungu kikichemka. Katika insha unatoa neno, unalisimamisha kwa sababu, na unajibu mapema swali la anayekupinga. Alitufundisha sarufi kama mtu anayefundisha adabu. Kila sentensi imwonyeshe mtenda, alisema, na akatoa mfano: mama yako akiuliza nani amevunja chungu, ukamjibu "chungu kimevunjika," hujasema uongo lakini hujasema kitu, na atakuchapa kwa haki. Na kila wazo alitaka liwe na aya yake. Kati ya aya na aya turuke mstari, kwa sababu msomaji ni mtu aliyejitwika mzigo kichwani anapanda kilima, na lazima apate mahali pa kuutua.

Mimi niliyaelewa hayo yote. Sentensi zangu zilikuwa nzima, watenda wangu walionekana. Lakini aya sikuweka. Insha zangu zilikuwa ukuta mmoja wa maneno kutoka ukingo hadi ukingo, na chini, pale pasipojaa, nilichora mawimbi. Mara tatu daftari lilirudi na wino mwekundu: aya ziko wapi? Mara ya tatu Chola, msichana aliyekaa mbele yangu, ambaye aliandika vizuri na alijua kuwa anaandika vizuri, alilinyanyua daftari langu juu darasa zima lione.

"Insha ya Sifa ni gunia la chisense," alisema kwa Kibemba. "Hata hewa haipiti."

Darasa likacheka. Bwana Mulenga hakucheka. Alinibakiza wengine walipotoka.

"Sifa, nikifundisha unanisikia?"

"Ndiyo, mukwai," nikajibu kwa neno la heshima la Kibemba.

"Aya ni nini?"

"Ni wazo moja, mukwai, na nafasi baada yake."

"Basi unajua. Mbona hufanyi?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Sikuzoea kuulizwa mara mbili. Watu wengi walikuwa wakiniuliza mara moja, wakiona kimya, wanaondoka. Yeye alikaa kwenye dawati la mbele na kusubiri, na kikohozi chake kilikuja kikapita, na bado alisubiri.

"Wataandika ndani," nikasema.

"Nani wataandika ndani?"

"Wabebaji."

Ilibidi nimsimulie mbuzi wa shangazi. Nilidhani atacheka hapo, lakini alivua kofia yake akaipapasa. Akasema mama yangu ni mwanamke mwenye akili na sheria yake ni sheria nzuri ya ziwani. "Lakini huku darasani hakuna mbebaji," akasema. "Mimi na wewe na karatasi tu. Ruka mstari, mwanangu. Hakuna atakayeingia."

Nikaruka. Siwezi kuwaeleza vizuri jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba nina mawazo, ila sikuwahi kuyaona yamesimama kila moja peke yake. Niliandika kuhusu sababu za watoto wa wavuvi kuacha shule, aya nne, na kati yake palikuwa na weupe, na weupe ule ulinifanya nione ni wapi nimesema jambo na ni wapi nimerudia tu. Bwana Mulenga aliisoma mbele ya darasa. Chola akageuka akaniambia, "Leo gunia limefunguliwa," na kwa mara ya kwanza aliniazima rula yake. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikipita kando ya maji badala ya njia ya soko, ili nisikutane na mtu wa kuniondolea ile furaha.

Wiki hiyohiyo, mwanzoni mwa Septemba, mama alitaka barua. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, ule unaorusha mchanga juu ya samaki, na yeye na wanawake wengine walikuwa wakikimbia kukusanya chisense kwenye mabeseni kabla hawajaharibika. Alinitamkia barua huku akikusanya, kwa sauti ya juu, na mimi niliandika nyuma ya kibanda. Salamu na afya. Habari za samaki na za homa ya mdogo wangu iliyokwisha kupona. Kisha habari ya insha: kwamba nitaandika Oktoba, kwamba mwalimu ananisifu, na kwamba baba amalize majoho aje. Nikaandika kwa aya. Nilitaka baba aione, ingawa hakujua kusoma. Nilitaka Katekista Yosefu aione, amwambie kwamba binti yake sasa anaandika kama watu wa shule kubwa. Mwalimu alisema turuke mstari mmoja. Mimi, kwa madaha, niliruka miwili. Chini kabisa nilichora mawimbi yangu kama kawaida.

Kwa siku nyingine yoyote mama angeishika karatasi akaiinua kwenye jua akaikagua, kwa maana kujaa hakuhitaji kusoma. Siku ile mikono yake ilikuwa imejaa samaki.

"Umejaza?"

"Nimejaza, mama."

"Mupaka chini?"

"Mupaka chini."

Nilikuwa nimeshaikunja na kuifunga kwa uzi. Kijana mmoja wa shati la kijani, aliyekuwa akisubiri boti, alimwita mama "mama mukubwa" akasema anavuka kwenda Kilwa kwa dada yake. Alitusaidia hata kubeba beseni moja. Tukampa barua.

Baba alikuja siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, bila kutuarifu. Nilimwona akishuka kutoka kwenye boti, suruali imekunjwa magotini, mfuko mmoja mgongoni, anacheka peke yake. Alimshika mama mikono yote miwili.

"Mashini ya kushonea ilifika muzuri?"

Mama naye akacheka. "Mashini gani? Uliificha mu mufuko?"

"Mama Sifa, usinicheze. Ile niliyowatumia na kijana."

"Kijana gani?"

"Wa barua. Mulisema mwenyewe nimupe, iko na fasi mu boti ya mizigo."

Mama aliacha kucheka. Alisema hakusema hivyo. Baba alisema kwamba mama alisema. Walirudiana maneno hayo mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, na wanawake wa mabeseni wakaanza kutazama pembeni kwa heshima. Kisha baba akatia mkono mfukoni mwa shati akatoa barua yangu, akanipa.

"Sifa. Soma."

Niliikunjua. Salamu. Afya. Samaki na homa. Halafu, pale nilipokuwa nimeruka mistari miwili, kulikuwa na mistari miwili ya maneno. Wino ulikuwa wa bluu kama wangu, ila herufi zililala upande wa kushoto kama majani yaliyopigwa na upepo. Zilisema: mashini umupe huyu mwenye kuleta barua, iko na fasi mu boti ya mizigo, wewe utafuata nyuma. Zilienea kwenye nafasi ile kana kwamba niliipima kwa ajili ya yule kijana. Ile nafasi nyingine, ya juu, alikuwa ameifunga kwa mawimbi, akiiga yale yangu ya chini. Ukurasa wote ulikuwa umejaa. Haikuwahi kutoka nyumbani kwetu barua iliyojaa kama ile. Niliona kiganja cha Katekista Yosefu kikipita juu yake, nikasikia sauti yake ikimjibu baba kwa haki kabisa kwamba imejaa mpaka chini.

Nikasoma salamu. Nikasoma samaki na homa. Kisha nikasoma habari ya insha. Ile mistari miwili sikuisoma.

"Soma tena," baba akasema.

Nikasoma tena vilevile. Ilikuwa rahisi zaidi mara ya pili, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

"Maneno ya mashini iko wapi?"

"Haiko, baba."

Kama ningeyasoma, mama angeuliza yameingilia wapi, na ningelazimika kusema niliacha mlango wazi baada ya kuambiwa nijaze, na nikasema nimejaza. Mambo mawili tu. Mtoto mwingine angelia akayasema akachapwa, na jioni angekula kama kawaida. Ulimi hauna mfupa, wanasema wazee, lakini wangu siku ile ulikuwa mfupa mtupu. Baba alikaa kwenye mchanga uliofagiwa. Hakupaza sauti. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu vifungo, "Basi Yosefu njo alisema na kinywa chake. Alinisomea kitu chenye hakiko." Mama alisema haiwezekani, Katekista ni mtu wa Mungu. Baba alisema mtoto amesoma mara mbili. Nikainuka na barua mkononi, nikaenda mekoni, nikaiweka chini ya sufuria ya maji ambayo ilikuwa bado haijachemka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Karatasi iliyokwisha kusomwa, sisi tuliwashia moto.

Baba hakurudi Kilwa. Hakuwa na la kurudia. Alituma neno kwa wafanyabiashara, la mdomo tu, kwamba Yosefu na mwizi wake wamekula cherehani, na neno la mdomo huvuka ziwa upesi kuliko boti. Baada ya wiki tatu mwanamke mmoja anayeuza unga wa muhogo alileta barua. Ilikuwa imejaa mpaka pembe za karatasi. Baba hakutaka kuigusa, ila mama alisema hata mfungwa husikilizwa, kwa hiyo nikaitwa nisome.

Nimeihifadhi barua hiyo, kwa hiyo hapa sibuni. Yosefu alimwandikia baba kwamba alisoma kilichoandikwa na hakuongeza hata pumzi. Alimwomba amrudishie ile karatasi, au ampe mtu mwingine yeyote aisome. Alisema watu hawamletei tena barua zao, na kwamba hilo angeweza kulistahimili, lakini kukosa sahani ya baba hawezi. Mwishoni alibadilisha na kusema nami. "Ninajua mutoto njo anasoma hii. Sifa, binti yangu, sikukasirikii. Ulikuwa unaogopa. Soma yote, mutoto, soma yote tu, halafu itaisha."

Baba na mama walikuwa wananitazama mdomoni. Nilisoma salamu zake, nikasoma kwamba anasikitika, nikasoma amina. Baba akauliza kama ni hayo tu. Nikasema ni hayo. Akatikisa kichwa, akasema mtu mwenye haki angekuwa na maneno mengi zaidi.

Siku nne baadaye tuliandika insha ya masista. Mada ilikuwa faida za kujua kusoma na kuandika. Bwana Mulenga aliponiona naisoma mada alitabasamu, kwa kuwa ilikuwa kana kwamba nimekatiwa nguo kwa kipimo changu. Nilikuwa na hoja tano, na sarufi, na utangulizi niliokwisha kuupanga kichwani. Nikaanza kwenye ukingo wa juu. Nilipofika mwisho wa wazo la kwanza nilijua kwamba hapa panatakiwa nafasi, na nilijua sababu yake, na mkono ukakataa. Kila nilipotaka kuruka mstari niliona herufi zilizolala kushoto zinaingia. Niliandika moja kwa moja, hoja ya tatu ikiwa ndani ya ya pili, na nilipochungulia nyuma nikaona kwamba watenda wangu nao wamenitoroka. Barua husomwa. Vitu hupotea. Watu huaminiwa na huacha kuaminiwa. Sentensi zote hazikuwa na mtu. Nilijaza kurasa mbili na chini nikachora mawimbi. Zikiwa zimebaki dakika chache Bwana Mulenga, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama akainua vidole viwili na kuviachanisha, kunionyesha nafasi. Nikamtazama, nikaweka biki chini.

Nafasi ile alipata Chola, na ilimstahili. Bwana Mulenga alikuja nyumbani mara moja kuuliza kilichonipata. Alikuta baba anatengeneza nyavu za watu kwa sindano ya mkono na mama anachambua chisense, na mimi nikamwambia kwamba nilisahau. Alijua sikusahau. Alihamishwa mwaka uliofuata, nami nikashika beseni la pili la mama.

Njia ya mwongo ni fupi, hufundishwa watoto. Yangu ilikuwa ya miaka minane. Mwaka jana, binti wa jirani alikuwa akimsomea baba ujumbe kwenye simu, kwa sababu sasa kila mtu hapa ana simu na samaki huulizwa kwa ujumbe kabla hawajatoka majini. Baba, ambaye macho yake yanamwacha na kazi yake ni vifungo na viraka tu, alimwambia yule mtoto, kwa upole, aite mtu wa pili asimame karibu anaposoma. "Mimi rafiki yangu alinisomea uongo," alimwambia. "Nilimupenda sana, lakini alinisomea uongo." Nilikuwa naanika nguo. Niliingia ndani nikatoa barua ya Yosefu kwenye mkebe wa sabuni, nikaja nikakaa mbele ya baba, nikamsomea yote, mpaka chini. Kisha nikamwambia habari ya ile nyingine, na ya mistari miwili, na ya sufuria.

Aliniomba nisome tena pale Yosefu anaposema habari ya sahani. Nikasoma. Akasema, "Miaka munane." Mama alilia kwa ajili yetu sote. Siku ya tatu baba alivaa shati lake la kanisa akashuka bandarini, akaanza kumwuliza kila mfanyabiashara kutoka ng'ambo kama anamjua Katekista Yosefu aliyekuwa Kilwa. Anakwenda mpaka leo. Wengine humwambia alihamia Pweto watu walipokimbia. Wengine wanasema alivuka na anaishi upande wa Puta kwa mkwewe. Mmoja alisema Lubumbashi, mwingine alisema ni marehemu, kisha akakiri kwamba anamfikiria mtu mwingine. Siku hizi barua hakuna tena. Watu hutuma sauti zao zenyewe kwenye simu, na watoto wa umri wangu wa wakati ule hawaitwi kusomea mtu. Nawatazama nikiona jinsi walivyo huru, na sijui kama najisikia furaha kwa ajili yao au wivu. Kwetu sisi, maisha ya watu wawili wazima yalikaa mdomoni mwa mtoto, na mtoto alikuwa na haya.

Nimeweka aya humu zote nilizofundishwa, Bwana Mulenga akisoma ajue sikumsahau. Ninyi mnaosoma, hasa mlio Pweto, Puta, Mununga na kambi za wakimbizi, kama kuna mzee mwembamba kwenu aliyekuwa katekista na aliyekuwa akiwasomea watu barua, mwulizeni kama alikuwa na rafiki fundi wa nguo. Akisema ndiyo, msomeeni haya, myasome yote, kisha mtuandikie alichojibu, kupitia hao waliowaletea maandishi haya. Akisema hataki kutusikia, andikeni hivyohivyo alivyosema, nami nitamsomea baba bila kupunguza. Na kama amekwisha kufa, tuandikieni pia, na mtaje alipozikwa, kwa sababu kila asubuhi baba anavaa lile shati.